Samaki Hawezi Kuvaa Sweta

Mwezi huu nimeamua kuziweka kando zile mada zetu za wivu, mawifi na simu za usiku wa manane. Nataka tuongelee samaki. Ndiyo, samaki! Tena si wa kukaanga. Naongelea wale wa kufuga sebuleni ndani ya tangi la kioo, hasa huyu wa rangi ya chungwa tunayemwita samaki wa dhahabu, na wenzake unaotaka kumwekea.

Usifunue ukurasa mwingine kwanza. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini mada hii imekaa kwenye safu ya wapendanao. Na utaelewa pia kwa nini kuna mtu nilimkosea, ikabidi nimwombe radhi.

Zawadi ya harusi

Mdogo wangu wa kike aliolewa Desemba iliyopita, nyumbani kwetu Daudi, kule Mbulu mkoani Manyara. Kwa msiopafahamu, huko ni miinukoni. Hata Desemba jioni unajikuta unatafuta khanga ya pili ya kujifunika mabegani, na ikifika Juni na Julai, bila sweta hutoki nje. Sisi tuliozaliwa huko tumezoea. Mumewe ni mwalimu wa sekondari, kijana wa Tanga, aliyelelewa na joto la bahari. Mama alipomwona mara ya kwanza akitetemeka na kikombe cha chai mkononi, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto wa watu tutamfanyaje?"

Mimi kama dada mkubwa nilitaka zawadi ambayo hakuna mwingine angeileta. Masufuria watapata, mablanketi watapata (waliyapata saba!). Nikapita kwenye duka moja la samaki wa mapambo hapa Dar, nikachagua tangi la lita 60, samaki wa dhahabu wawili wenye mikia kama shela la bi harusi, na samaki malaika wawili, wale bapa wenye mapezi marefu, rangi ya fedha na mistari myeusi. Kwa nini hao? Kwa sababu rangi za harusi zilikuwa chungwa na fedha. Basi!

Muuzaji hakuniuliza samaki wanakwenda kuishi wapi, na mimi sikumuuliza wanapenda nini. Nikawasafirisha kwenye ndoo siku nzima, wakafika wazima. Siku ya sherehe kila mgeni alipiga picha mbele ya lile tangi. Nilijisikia mjanja kweli.

Juni ikaingia. Siku moja saa nne usiku simu ikalia. Mdogo wangu analia. "Dada, shemeji yako ameua samaki."

Kilichotokea ni hivi. Baridi ilipoanza, malaika wakaacha kula. Wakakunja mapezi, wakatulia chini ya tangi, miili ikatoka vidoto vyeupe kama chumvi. Shemeji, kwa nia njema kabisa, akaagiza hita ya tangi kutoka Arusha akaiweka nyuzi 27. Malaika wakachangamka kidogo. Lakini kesho yake samaki wa dhahabu wote wawili walikuwa juu ya maji, midomo nje, wanatweta. Akaogopa, akaishusha. Malaika mmoja akafa. Akaipandisha tena, wale wengine wakatweta tena. Akaishusha. Malaika wa pili naye akafa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mdogo wangu akasema, "Hukuwataka tangu mwanzo. Kila cha kwetu hukitaki." Shemeji akajibu kuwa baridi ya huku inaua kila kitu, na katika hasira hizo likamtoka ambalo hakupanga kulisema: alikuwa ameshaandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Tanga. Ilikuwa kwenye mkoba wake, mwezi wa pili sasa. Mkewe hakuwa na habari.

Wandugu, ndoa ya miezi sita! Mdogo wangu akachukua begi akaenda kulala kwa mama.

Nikakaa na ile simu mkononi. Swali moja likanikaa kichwani: hivi wale samaki kweli waliuawa na shemeji? Nikaanza kusoma na kuuliza wanaofahamu, na nilichokipata kilinitoa jasho.

Samaki wa dhahabu ni nani hasa?

Samaki huyu asili yake ni China, ambako watu walianza kumfuga na kumchagua kwa rangi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Ulaya alifika katika karne ya 17. Ni wa ukoo mmoja na kapu, samaki wa mabwawa ya maji ya baridi. Wale wenye mikia ya shela na matumbo ya duara hufurahia maji ya nyuzi 18 hadi 22 hivi. Wale wembamba wa mkia mmoja huvumilia baridi kali zaidi ya hiyo. Maji ya moto humchosha, kwa sababu kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo. Na huko kwetu juu ya miinuko, hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya pwani. Ndiyo maana walikuwa wanatweta.

Halafu si samaki wa miezi mitatu kama wengi tunavyodhani. Akitunzwa vizuri huishi miaka 10, 15 na zaidi. Uingereza alikuwepo mmoja aliyeitwa Tish, aliyeshindaniwa kama zawadi kwenye tamasha mwaka 1956 akafa mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 43. Kuna ndoa ngapi mjini zinazofika huko?

Samaki malaika, kwa upande wake, ni mtoto wa mito ya Amazon huko Amerika ya Kusini. Yeye raha yake ni nyuzi 25 hadi 28. Ukimshusha kwenye nyuzi 16, ambazo mdogo wangu alizisoma kwenye kipimajoto alfajiri moja ya Juni, anadhoofika, na vile vidoto vyeupe, ambavyo ni vijidudu, vinampata kirahisi.

Kwa maneno mengine, samaki wa dhahabu ni mtu wa Daudi na malaika ni mtu wa Tanga. Hakuna namba hata moja kwenye ile hita ambayo ingewafurahisha wote wanne. Shemeji alikabidhiwa kazi isiyowezekana, akailaumiwa. Aliyemkabidhi ni mimi.

Maswali matano kabla ya kumletea mwenzake

Ili wewe usifanye kosa langu, nimekuandalia maswali ya kujiuliza kabla hujatoa hela dukani.

1. Je, wanapenda joto moja? Hili ndilo la kwanza, na rangi isikudanganye. Malaika, diskasi, samaki mpiganaji wa mapezi marefu na wengi wa nchi za joto, hao si wenzake. Na wewe unayeishi Dar, jua kuwa sebule yako yenyewe inaweza kuwa moto mno kwa samaki wa dhahabu. Weka tangi mbali na jua na jiko, na pampu ya hewa iwe inafanya kazi muda wote.

2. Je, wana mwendo mmoja? Hata samaki wa dhahabu wenyewe kwa wenyewe hawafanani. Wapo wembamba wa mkia mmoja, wanakimbia kama mshale. Wapo wanene wa mikia miwili, wanaogelea kama bibi aliyevaa gauni refu. Ukiwachanganya, chakula kinaisha kabla mnene hajageuka. Wale wenye macho yaliyotokeza nje au yenye vifuko vya maji hawaoni vizuri, hivyo wawe na wenzao tu. Mnene kwa mnene, mwembamba kwa mwembamba.

3. Je, anaenea mdomoni? Samaki wa dhahabu anaonekana mpole, lakini hula chochote kinachoingia mdomoni. Wale samaki wadogo wenye mikia ya rangi, ambao wengine huwaweka kwenye mapipa wale viluwiluwi vya mbu, wataishia tumboni. Na kinyume chake ni hivyo hivyo. Kambare mdogo wa kuvutia uliyepewa na jirani atakua, na siku moja utaamka umkute peke yake, ameshiba.

4. Je, ni mkorofi? Hapa tunajivunia vya kwetu, lakini tuseme ukweli. Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa yana samaki wa mapambo wanaopendwa dunia nzima. Mbuna wa Nyasa wana rangi ya bluu na njano utadhani wamepakwa. Lakini hao hugombea eneo, hukimbizana na kung'atana mapezi, na wanataka maji ya vuguvugu. Mkia wa shela mbele ya mbuna hauchukui wiki. Perege na sato wa kwenye bwawa nao ni vivyo hivyo, wanakua haraka na wanajiona wenye nyumba. Na yule mweusi anayenyonya kioo, wauzaji husema anasafisha tangi. Anasafisha kweli, ila akikosa mwani wapo wanaohamia kunyonya ute kwenye ubavu wa samaki wa dhahabu, na hapo panakuwa kidonda.

5. Je, nyumba inatosha? Samaki wa dhahabu hana tumbo la kuhifadhi chakula kama letu. Anakula, kinapita, anachafua. Uchafu huo hutoa amonia, sumu ambayo huiui kwa macho kwa sababu maji yanabaki maangavu. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi kwa hawa wanene ni lita 75 kwa samaki wa kwanza, kisha lita 40 kwa kila anayeongezeka. Wembamba wanahitaji zaidi, maana huweza kufika sentimita 20 hadi 30. Bora bwawa la bustanini. Lile bakuli la duara tunaloliona kwenye filamu halimfai hata mmoja. Na lile tangi langu la lita 60 kwa samaki wanne? Naomba tusiliongelee.

Basi nani anafaa?

Jibu fupi: mwenzi bora wa samaki wa dhahabu ni samaki wa dhahabu mwingine wa umbo kama lake na ukubwa unaokaribiana. Hapendi kuishi peke yake, na wawili wanatosha kabisa.

Ukitaka wa aina nyingine, wapo wachache wanaovumilia maji ya baridi. Kuna danio wenye mistari kama pundamilia, wepesi kiasi cha kutokamatwa kirahisi. Wafuge kikundi, sita au zaidi. Kuna vidagaa vya milima ya China, vizuri sana, ila samaki wako wa dhahabu wawe bado wadogo, la sivyo rudi kwenye swali la tatu. Na kuna yule samaki wa tope mwenye umbo la mkunga, mpole, anayekaa chini kula mabaki. Huyu anataka mchanga laini, wenzake wawili watatu na tangi kubwa lenye mfuniko, kwa sababu hupenda kuruka nje.

Konokono je? Wakubwa wanaweza kukaa, wadogo wataliwa. Lakini nakuomba sana, usiokote konokono mtoni au ziwani ukamleta nyumbani. Baadhi ya konokono wa maji baridi hapa kwetu hubeba vimelea vya kichocho, na mikono yako ndiyo inayoingia kwenye yale maji kila wiki.

Yeyote utakayemleta, mweke kwanza peke yake kwenye chombo kingine kwa wiki mbili hadi nne, uone kama ana ugonjwa. Na tangi jipya usilijaze siku ya kwanza. Bakteria wazuri wanaokula ile amonia huchukua wiki nne hadi sita kujijenga kwenye filta, kwa hiyo anza na samaki mmoja, lisha kidogo, badilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Kama maji yako ni ya bomba yenye klorini, weka dawa ya kuiondoa kabla hujayamimina. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya betri itakuokoa.

Mgeni mmoja, ziwa zima

Ukidhani natia chumvi kuhusu kuchagua wenza, kumbuka Ziwa Victoria. Sangara hakuwa wa ziwa lile. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960 ili kuongeza samaki wa kuvuliwa. Ziwa lilikuwa na mamia ya aina za furu, vidogo vya kila rangi, visivyopatikana kwingine duniani. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wamejaa, na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 200 hivi hazikuonekana tena. Sangara ametupa viwanda na ajira, sikatai. Ila wengi wa furu waliopotea hawakurudi.

Ndiyo maana ukiwachoka samaki wako, usiwamwage mtoni wala kwenye Ziwa Tlawi pale Mbulu. Mwaka 2021 mji wa Burnsville, Marekani, uliwaomba wananchi wake waache kumwaga samaki wa dhahabu ziwani, baada ya kuwakuta wamekua wakubwa ajabu na wanachimbua matope na kuharibu maji. Mpe rafiki, mpe shule, mrudishe dukani.

Nilipopanda Daudi

Nikampigia shemeji. Nikamwambia, "Shemeji, hukuua samaki. Mimi ndiye niliyewaozesha vibaya." Akakaa kimya, kisha akacheka, kisha akakaa kimya tena kwa muda mrefu zaidi. Akasema, "Dada, mimi si malaika. Lakini baridi naijua alivyoisikia."

Julai nikapanda mwenyewe. Tukakaa sebuleni kwa mama, sisi wanne, na chai ya maziwa. Sikusema mengi, maana mshenga aliyekosea anatakiwa kuwa mpole. Shemeji akamweleza mkewe kwamba ile barua aliiandika usiku mmoja wa baridi na upweke, siku za likizo ya mkewe kwenda mafunzoni, na hakuisema kwa sababu aliogopa kuonekana anapadharau kwao. Mdogo wangu akamjibu kwamba kilichomuuma si Tanga. Tanga angeweza kwenda. Kilichomuuma ni miezi miwili ya kupita karibu na ule mkoba kila asubuhi akiusogeza ili afagie.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti yetu na samaki. Samaki ukimweka kwenye maji yasiyo yake, hana la kufanya. Hawezi kusema, hawezi kuvaa sweta, hawezi kukwambia "mume wangu, funga dirisha." Yeye lazima umchagulie vizuri tangu mwanzo, kwa sababu akishaingia kwenye tangi, kazi yake ni kuvumilia mpaka afe. Wewe na mwenzi wako mnaweza kuwa wa joto tofauti kabisa na bado mkaishi, ila kwa sharti kwamba anayeona baridi aseme anaona baridi. Ukinyamaza ukakunja mapezi chini ya tangi, mwenzako atapandisha na kushusha hita usiku kucha asijue anachotibu.

Mpaka naandika haya, mdogo wangu amerudi kwake. Barua haijatumwa wala haijachanwa. Imetolewa kwenye mkoba, ipo juu ya kabati wote wanapoiona, na wamekubaliana wataiongelea tena muhula ukiisha. Sijui wataamua nini, na safari hii siwachagulii.

Tangi nimewanunulia jipya la lita 120. Lina samaki wa dhahabu wawili tu, na hita ilishatolewa. Asubuhi maji yanasoma nyuzi 17 na wenyewe wanacheza utadhani wamezaliwa Mbulu. Pembeni yake, kwenye kochi, shemeji anasahihisha madaftari akiwa amejifunika moja ya yale mablanketi saba.

Wewe je, ni jambo gani unalolikunjia mapezi nyumbani kwako? Liseme mwezi huu. Tukutane toleo lijalo, panapo majaliwa.